"Wewe ni Kabila Gani?" Historia ya Swali Moja Kutoka Ahero

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Kisumu kwa njia ya Kericho, akishateremka kutoka nyanda za juu, huikuta tambarare ya Kano imetandazwa mbele yake mpaka Ghuba ya Winam, na katikati ya tambarare hiyo huikuta Ahero. Ni mji mdogo wa soko kando ya Mto Nyando, mahali ambapo barabara iendayo Kisii kupitia Katito na Sondu huachana na ile iendayo Kisumu. Wengi huujua kwa mchele wa mashamba ya umwagiliaji yaliyoanzishwa na serikali mwishoni mwa miaka ya 1960. Kaskazini mwake vilima vya Nandi vinaonekana. Wakipsigis hawako mbali upande wa mashariki. Wagusii hupita hapo kila siku wakienda na kurudi. Na kule Kibos na Kibigori, karibu na njia ya reli, zimo familia za Wanubi, wazao wa askari walioletwa kutoka Sudan. Mahali kama hapo watu wasiojuana hukutana kila saa, na watu wasiojuana hawana budi kuulizana.

Makala haya yanahusu swali moja kati ya hayo wanayoulizana, nalo ni "Wewe ni kabila gani?" Hoja yetu ni kwamba swali hili, ambalo wengi hulidhani kuwa la kale sawa na mito, kwa kiasi kikubwa ni geni katika mwambao wa ziwa, kwamba lilichukua nafasi ya swali jingine lililokuwa na jibu refu zaidi, na kwamba lugha ya Kiswahili, ambayo sisi walimu wake tumezoea kuisifu kuwa lugha ya kuwaunganisha watu, ndiyo iliyolibeba hadi mlangoni. Hilo la mwisho halisemwi sana katika idara zetu, na yamkini halitawapendeza baadhi ya wenzetu.

Ni haki msomaji ajue kwamba jambo hili linanigusa. Baba yangu alizaliwa Kaloleni, mtaa wa Kisumu wenye Waislamu wengi. Lugha ya nyumbani kwao ilikuwa Kiswahili, na mzee aliyewatangulia huko alifika na reli. Mama yangu ni binti wa Kano, wa kijiji kisicho mbali na Ahero. Kwa hiyo nimezoea kuulizwa. Siku moja, nikiwa njiani kwenda kumjulia hali mama, kondakta wa matatu aliutazama mtandio wangu akasema, "Mama, wewe ni Mnubi ama ni mtu wa Mombasa?" Nikamjibu kwamba mimi ni mtu wa hapa. "Hapa wapi? Kabila gani?" Gari likaondoka kabla sijapata neno moja la kumpa. Baadaye siku hiyo hiyo, sokoni Ahero, mama mmoja muuza mchele aliniuliza kwa Kijaluo, "In nyar kanye, nyathina?" yaani, wewe ni binti wa wapi, mwanangu? Nikajibu, "An nyakwar Kano," mimi ni mjukuu wa Kano. Akauliza Kano ya upande gani, mama ni nani, aliolewa wapi. Haikupita muda ikadhihirika kwamba aliwahi kusali kanisa moja na mke wa mjomba wangu. Akaongeza konzi mbili za mchele juu ya gorogoro iliyokwisha kujaa.

Maswali haya mawili yanaweza kudhaniwa kuwa ni mamoja kwa lugha mbili. Sivyo. La kwanza linataka jina la kundi, na likishapewa jina hufungwa. La pili linataka mahali na uhusiano, na kila jibu huzaa swali jingine, mpaka wawili wanaozungumza wapate mtu au kijiji wanachokijua wote.

Tuanze na maneno yenyewe, maana historia ya jambo hili imo ndani yake. Katika Kijaluo, watu wa ukoo mmoja huitwa dhoot. Neno hili limeundwa kwa dho, yaani kinywa, na ot, yaani nyumba: kinywa cha nyumba, mlango. Katika boma la mume mwenye wake kadhaa kila mke alikuwa na nyumba yake, na watoto walitofautishwa kwa mlango waliotokea; vizazi vilipoongezeka, mlango ukawa ukoo. Sasa Waswahili wa mwambao wa Bahari ya Hindi nao huliita tawi la ukoo kwa neno lilo hilo, mlango. Lugha hizi hazina unasaba, moja ikiwa ya Kiniloti na nyingine ya Kibantu, na wazungumzaji wake wa kale hawakupata kujuana. Hata hivyo kila upande uliufikiria ujamaa kwa mfano wa kitu kinachofunguka na kufungwa, ambacho mtu hutokea na mwingine huingia.

Kadhalika neno nyar. Mwanamke wa Kijaluo akiolewa haitwi kwa jina la mume peke yake; huitwa kwa mahali alikotoka. Yule wa Alego akiolewa Kano huwa nyar Alego maisha yake yote, na wa Kano akiolewa Alego huwa nyar Kano. Ugeni wake haufichwi. Hutajwa kila siku, na kutajwa huko ni heshima. Mtoto wa binti wa ukoo naye ana jina lake, okewo, na kwa wajomba zake ana nafasi ambayo hata wana wa ukoo hawana. Mimi, ambaye kondakta hakuwa na kisanduku cha kunitia, nilikuwa na neno langu kamili katika lugha ya mama yangu kabla sijazaliwa.

Hatudai kwamba zamani ilikuwa pepo. Lugha hiyo hiyo ina neno jadak, wingi wake jodak, yaani mtu aishiye katika ardhi ya wengine kwa ruhusa yao. Jadak aliweza kulima, kuoa na kuzeeka hapo, na wazao wake wakasahau walikotoka. Lakini siku ya ugomvi wa mpaka wa shamba wenyeji hawakusahau. Lipo pia neno jamwa, mtu wa lugha nyingine, na halitamkwi kwa upole kila mara. Tunachodai ni kidogo zaidi: kwamba majibu ya zamani yaliweza kubadilika katika muda wa vizazi viwili au vitatu, na kwamba watu walilijua hilo na kulitumia.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili ni Wasuba, au Abasuba. Hawa ni watu wa visiwa vya Rusinga na Mfangano na wa bara inayovielekea, Gwassi na Kaksingri. Wengi wa wazee wao walivuka ziwa kwa mitumbwi kutoka pande za Buganda na Busoga, kuanzia karne ya 18, wakiwa na lugha ya Kibantu. Hatua kwa hatua wakaoana na Wajaluo, wakafanya biashara nao, na baadaye wakasoma na kusali kwa Kijaluo kwa sababu hicho ndicho kilichotumika shuleni na kanisani. Mwanahistoria Henry Okello Ayot alipoandika kitabu chake juu yao, kilichotoka mwaka 1979, aliwaita katika anwani yake Wajaluo-Abasuba, kwa kistari. Kistari hicho ni jibu la kisomi kwa swali ambalo karatasi za serikali hazikuwa na nafasi yake. Katikati ya miaka ya 1990 kukaundwa wilaya yenye jina la Suba, na katika sensa ya 2009 watu 139,271 walihesabiwa kuwa Wasuba. Wangapi kati yao walizungumza Kisuba nyumbani ni jambo jingine. Wengi walilitoa jibu hilo kwa Kijaluo.

Mtu mashuhuri kuliko wote wa asili hiyo ni Tom Mboya. Wazazi wake walitoka Rusinga, lakini yeye alizaliwa mwaka 1930 Kilima Mbogo, karibu na Thika, katika shamba la mkonge ambako baba yake aliajiriwa, na alikua akicheza na watoto wa Kikamba na wa Kikuyu na kuzungumza lugha zao. Mwaka 1957 aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria kwa kura za Nairobi, na baada ya uhuru aliendelea kuwa mbunge wa Nairobi, akichaguliwa na watu ambao wengi wao hawakuwa Wajaluo. Basi hapa tuna mtu ambaye kwa asili ya mbali ni wa ng'ambo ya ziwa, kwa lugha ya wazazi ni Mjaluo, kwa utoto ni wa mashamba ya Ukambani na Ukikuyu, na kwa kazi ni wa jiji. Tarehe 5 Julai 1969 alipigwa risasi Nairobi. Tangu alasiri ile nchi nzima, waliomlilia na wasiomlilia, ilimpa jibu moja tu. Tarehe 25 Oktoba mwaka huo huo watu waliuawa kwa risasi za askari mjini Kisumu katika ziara ya Rais Kenyatta, na jibu hilo likagandishwa. Wapo wanaosema kwamba historia ya siasa ya Kenya ilibadilika mwaka huo. Kwa upande wetu tungeongeza kwamba ilibadilika pia sarufi ya swali tunalolichunguza: Mboya ambaye angeweza kuulizwa ni wa wapi, na jibu lake kuchukua saa nzima, akawa wa kabila.

Swali hili lilitoka wapi, basi? Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia, na hakiingii kwa mikono mitupu. Reli ilifika Port Florence, yaani Kisumu, Desemba 1901. Wakati huo eneo hilo lilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda; mwaka 1902 likahamishiwa katika himaya ya Afrika ya Mashariki, na watu wake wakabadilishiwa nchi bila ya kusogea hatua moja. Watawala waliwakuta wamekwisha kupewa majina na misafara ya biashara kutoka pwani, nao wakayaandika. Watu wote wa kandokando ya ghuba waliitwa Wakavirondo, wa Kibantu na wa Kiniloti pamoja, jina ambalo hawakujiita wenyewe. Wakipsigis waliitwa Walumbwa, na stesheni ya reli ikaitwa Lumbwa, ambayo leo ni Kipkelion. Abagusii wakawa Wakisii. Mwaka 1921 vijana waliosoma katika shule za misheni walipoanzisha chama cha kudai haki zao walikiita kwa Kiingereza chama cha vijana wa Kavirondo, kwa kuwa hilo ndilo jina ambalo serikali ingelisikia; kwa lugha yao wakakiita Piny Owacho, yaani nchi imesema. Majina mengine makubwa tunayoyatumia leo kana kwamba yalishuka na mvua, kama vile Abaluhya na Kalenjin, yalienea katika miaka ya 1930 na 1940, na kwa sehemu kubwa yalienezwa na wenyewe, waliokwisha kujifunza kwamba katika koloni hii asiye na kabila kubwa hana sauti.

Jina Mjaluo lenyewe ni funzo. Katika Kijaluo mtu mmoja ni jaluo na wengi ni joluo. Kiambishi ja- kinamaanisha mtu wa, na jo- watu wa. Kiswahili kikalichukua neno la umoja pamoja na kiambishi chake, kikalibandika kiambishi kingine cha maana ile ile, tukapata M-ja-luo na Wa-ja-luo, mtu-mtu-wa-Luo. Mwanafunzi wa isimu ataliona hilo kuwa jambo la kawaida katika ukopaji wa maneno, na hakosei. Lakini tunaweza pia kusikia ndani yake mazungumzo ya mwanzo kabisa: mgeni anauliza, mtu mmoja anajibu kwa nafsi yake kwamba yeye ni jaluo, na mgeni anaondoka akiwa amelifanya jibu la mtu mmoja kuwa jina la umati.

Kisha kikaja kipande. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, na ilianza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume wa Kiafrika wa zaidi ya miaka 16 alitakiwa kubeba karatasi yenye alama za vidole, jina lake, kabila lake, mahali atokapo na kumbukumbu za waajiri wake, na wengi waliivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Mengi yamekwisha kuandikwa kuhusu dhuluma ya kipande kwa upande wa kazi na mishahara. Kwa upande wa lugha yameandikwa machache. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, lakini Mzungu mwenye fomu hakukijua Kijaluo wala Kigusii, na aliyeandikishwa hakukijua Kiingereza. Kati yao alisimama karani au askari, na karani aliuliza kwa Kiswahili: "Jina? Baba? Kabila?" Kwa maelfu ya vijana wa Kano waliokwenda kutafuta kazi katika mashamba ya chai na mkonge au katika reli, neno kabila lilisikika kwa mara ya kwanza mezani pa karani, nalo lilidai neno moja tu. Aliyejibu kwa jina la mlango wake aliambiwa hilo si kabila. Akajifunza jibu sahihi.

Ajabu ni kwamba Waswahili wenyewe hawakuwa na neno hilo kwa maana hiyo. Kabila limetoka katika Kiarabu, na katika miji ya pwani lilikwenda sambamba na ukoo, mlango na taifa. Wenyeji wa kale wa Mombasa walijiita Thenashara Taifa, mataifa kumi na mawili, yakigawanyika katika Tisa Taifa na Thelatha Taifa. Na yote hayo yalikuwa watu wa mji mmoja, wa lugha moja na msikiti mmoja. Taifa lilikuwa ndogo, nasi leo tumelifanya kubwa. Kabila lilikuwa la nasaba, nasi tumelifanya la utawala. Mwanasiasa asemaye leo kwamba ukabila ni adui wa taifa anatumia maneno mawili ambayo Mombasa ya kale ingeyaona kuwa ni majirani. Na Mswahili aliyekwenda mbele ya karani huyo huyo hakuwa na jibu bora kuliko la Msuba. Sheria za kikoloni ziliwagawa watu kuwa wenyeji na wasio wenyeji, na watu wa Thenashara Taifa walitumia miaka mingi kubishana na serikali wawekwe upande gani, kwa kuwa kodi na haki zilifuata upande. Mjadala wa Mswahili ni nani, ambao umejaza kurasa nyingi za majarida kama hili, ulizaliwa kwa sehemu kubwa katika daftari la kodi. Tumeurithi, tukauita wa kitaaluma.

Tugeukie majina, maana siku hizi aulizwaye huwa amekwisha kuhukumiwa kwa jina lake kabla ya kuulizwa. Kenya nzima inaamini kwamba jina lianzalo kwa O ni la Mjaluo. Wajaluo kwa kawaida humpa mtoto jina la wakati au hali ya kuzaliwa kwake: Otieno ni wa usiku, Odhiambo wa jioni, Okoth wa mvua, na wa kike huanza kwa A, kama Achieng, wa jua kali. Jina Otieno halisemi kabila hata kidogo, linasema usiku. Mtoto amepewa saa, na mgeni anasikia eneo bunge. Isitoshe, irabu hiyo si mali ya Wajaluo peke yao. Profesa Sam Ongeri, aliyekuwa waziri, ni Mgusii. James Osogo, aliyekuwa waziri katika serikali ya Kenyatta, alikuwa Mluhya. John Okello, aliyejitangaza jemadari wa Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, alitoka Lango, Uganda; na miezi michache haikupita ila wenzake wakamwona mgeni kwa lafudhi na kwa dini, wakamfukuza visiwani. Ya Okello ni mengi na hapa si mahali pake, ila tukumbuke kwamba Kiswahili chake, ambacho kingepaswa kumfanya mmoja wao, ndicho kilichomsaliti kila alipofungua kinywa redioni.

Swali hili liliwahi kufikishwa hata mahakamani. Wakili S. M. Otieno alifariki dunia tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Waiyaki, Mkikuyu, alitaka kumzika karibu na Nairobi. Ukoo wake, Umira Kager, ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Marehemu aliishi mjini, alioa nje ya jamii yake, na waliomjua walimkumbuka kwa kupenda kunukuu Shakespeare. Kwa muda wa miezi mitano nchi ilisoma magazeti ili ijue yeye ni nani. Mashahidi walieleza tofauti kati ya ot na dala, nyumba na boma: kwamba mtu anaweza kuwa na nyumba popote lakini boma lake ni moja. Katika uamuzi wa mwisho ukoo ulishinda, naye akazikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987. David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo waliiandikia kesi hiyo kitabu kizima, na hatuna haja ya kurudia waliyoyasema. Kwetu la kukumbukwa ni kwamba dhana ya dala, iliyokuwa sehemu ya lile swali refu la wapi, ilifikishwa mbele ya sheria na kutoka huko ikiwa jibu fupi la kabila. Mtu pekee aliyeweza kulijibu swali alikuwa ndani ya jeneza.

Miaka minne baadaye swali likashika silaha. Tarehe 29 Oktoba 1991 vurugu zilianza katika shamba la Miteitei, Tinderet, katika milima inayoonekana kutoka Ahero, na mwaka uliofuata zikasambaa mipakani, kuanzia Muhoroni na Koru hadi Sondu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zilirudi kwa upana zaidi. Watu zaidi ya 1,100 walikufa nchini. Kisumu yenyewe ilikuwa na sura mbili, na tunawajibika kuzitaja zote: wengi waliokufa huko walipigwa risasi na polisi, na wakati huo huo Wakikuyu na Wagusii walioishi mjini kwa miaka waliporwa na kufukuzwa na majirani. Katika vizuizi vya barabarani kitambulisho kilichunguzwa. Kitambulisho hicho hakikuandikwa kabila, lakini kiliandikwa wilaya, tarafa na lokesheni, na hiyo ilitosha. Asiyekuwa nacho aliulizwa kwa Kiswahili, na alitakiwa ajibu kwa lugha nyingine. Wapo waliojibu kwa Kiswahili wakitumaini kwamba lugha hiyo haina kabila. Wenye kusikiliza hawakuyasikiliza maneno. Walisikiliza matamshi, r na l, s na sh. Walimu wa fonetiki tunazijua tofauti hizo, tunazifundisha muhula wa kwanza.

Fasihi yetu imelishughulikiaje jambo hili? Grace Ogot, katika riwaya yake ya Kiingereza ya mwaka 1966, aliwapeleka mume na mke wa Kijaluo Tanganyika kutafuta ardhi, na humo chuki ya jirani asiye wa lugha yao huleta maangamizi. Yeye aliujua ugeni wa jadak kutoka ndani. Kwa Kiswahili, mfano ulio karibu ni Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996 na kusomwa na vizazi kadhaa vya wanafunzi wa sekondari nchini Kenya. Shujaa wake anaitwa Kongowea Mswahili, anatoka Tanga, na anavuka nchi mpaka Kitale kumtafuta baba. Wahakiki wengi wameliona jina hilo kuwa fumbo la umoja wa kitaifa. Nionavyo, jina hilo lina kejeli zaidi ya fumbo: mtu aitwaye Mswahili, katika mji ambapo hakuna ajuaye mlango wake, ni mtu asiyejibu swali hata akilijibu. Safari yake yote ni ya kutafuta jibu la "mwana wa wapi", na nyakati zote jamii inamuuliza lile jingine. Kwa kadiri nijuavyo tahakiki zetu hazijalitazama hivyo, na sababu si ngumu kuiona.

Sisi wahakiki ni wateja wa kudumu wa swali hili. Tasnifu nyingi ninazozisoma zina sura yenye anwani ya usuli wa mwandishi, na sura hiyo huanza kwa kutaja kabila lake, kisha mila za kabila hilo, kisha riwaya. Mwandishi wa pwani husifiwa kwa lugha yake ambayo, inadhaniwa, alizaliwa nayo bila ya jasho. Mwandishi wa bara husifiwa kwa kujitahidi. Kazi ya kwanza na ya pili zikibadilishana majalada, sina hakika kwamba hukumu zetu zingebaki pale pale. Mimi mwenyewe nimesimamia tasnifu za aina hiyo na kuzipitisha. Kwa muda mrefu nilikuwa nikitia alama ya vema pembeni mwa sentensi ya kwanza na kuendelea mbele.

Agosti 2019, wakati wa sensa, nilikuwa nyumbani kwa mama. Kijana wa kuhesabu alikuwa mpole, mtoto wa jirani wa mbali, ameshika kishikwambi. Akamsalimu mama kwa Kijaluo kama inavyostahili, akaulizwa ni wa boma gani, akajibu, akapewa kiti na uji. Ilipofika sehemu ile akageuza lugha, kwa kuwa maswali kwenye kioo hayakuwa ya Kijaluo. "Mama, kabila?" Mama akasema, "Kano." Kijana akacheka kidogo. "Kano si kabila, mama." Mama akamtazama, akanitazama na mimi, akauliza kama uji umepoa.

"Basi bonyeza unachokiona," akasema.

Kijana akabonyeza.